Swali la Saba

Siku ya kwanza ya mafunzo tulipewa kila mmoja karatasi tupu na kalamu yenye nembo ya kampuni, tukaambiwa tuandike majina mia moja ya watu tunaowajua. Si watu mashuhuri. Watu ambao ukibisha hodi kwao watafungua mlango. Tulikuwa kumi na mmoja chumbani, chini ya feni iliyozunguka kama kibarua anayelipwa kwa siku. Mkufunzi tulimpa jina la Kocha siku hiyo hiyo, kwa kuwa alizungumza nasi kama timu iliyofungwa mabao matatu kabla ya mapumziko.

Nilifika jina la sitini na mbili nikakwama. Ndugu walikwisha, majirani walikwisha, wazazi wa watoto waliosoma na wanangu walikwisha. Nikaanza kuandika watu niliokutana nao mara moja. Jirani yangu wa dawati alichungulia karatasi yangu. Huyu tulimwita Suti, kwa kuwa alikuwa nayo moja na aliivaa Jumatatu hadi Ijumaa.

"Dada, umemwandika mpaka daktari aliyekung'oa jino?" alininong'oneza. "Sawa. Yeye alishakuumiza, sasa ni zamu yako."

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, diploma ya utawala wa ofisi na watoto wawili, na ofisi niliyoitumikia miaka kumi na miwili ilikuwa imefungwa milango. Mume wangu ni fundi wa majokofu, kazi yake huja na joto na kuondoka na joto. Sikuingia kwenye bima ya maisha kwa wito. Niliingia kwa sababu tangazo lilisema nafasi zipo wakati wote. Ningejiuliza ni kazi gani hiyo isiyojaa watu, ila nilikuwa na haraka.

Watu hudhani mawakala wa bima huacha kazi kwa sababu ya jua, viatu na milango inayofungwa usoni. Hayo unayazoea. Binti mmoja wa kundi letu aliondoka wiki ya tatu akisema hakusoma ili shangazi zake wamkimbie, na kweli walikuwa wakimwona kona wanageuza njia. Mwingine alikuwa mwalimu mstaafu, akauza bima nne kwa watoto wake wanne, ukoo na kazi vikaisha pamoja. Tatizo ni ile karatasi. Majina mia hayafiki mia. Yanayofaa ni kumi au kumi na tano, na hao ndio wanaokupenda. Ukishawamaliza, inabidi ujifunze kumuuzia mtu asiyekujua, na hicho hakuna aliyetufundisha. Baada ya miezi mitano tulibaki watatu. Baada ya minane, wawili, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Wifi yangu alikuwa jina la tatu kwenye orodha, baada ya kaka zangu wawili.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa chini ambacho alisema kinawapunguza wateja unene. Alikuwa akiishi na binti yake mmoja. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani, na hakuna aliyemuulizia. Wifi alizungumza na pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, na hakumeza hata moja. Mimi na yeye tulielewana. Alipoanza kuumwa kichwa kila siku, mimi ndiye niliyempeleka zahanati kupima, nikakaa naye kwenye benchi hadi alipopewa vidonge vya presha, na kumkumbusha kuvimeza ilikuwa kazi yangu pia.

Nilikwenda kwake tarehe thelathini, siku ya mwisho ya mwezi wangu wa tatu kazini. Sheria ya kampuni ilikuwa hivi: wakala mpya akikosa bima tisa ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unakatika wenyewe. Nilikuwa na nane, na ofisi ilifungwa saa kumi na moja jioni.

"Kwa hiyo unataka nife, ndio wewe upate mshahara," aliniambia wifi, bila kuinua macho kwenye pindo la pazia.

"Nikuue kwa nini? Nataka ukae miaka mia na ulipe kila mwezi."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na pini. Akasema haya, andika, binti yake asije akabaki na vyerehani viwili na kioo cha uongo.

Fomu ya maombi ilikuwa na maswali kumi na mawili ya afya, na mbele ya kila swali visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Hapana zote kumi na mbili, fomu inapita siku hiyo hiyo. Ndiyo moja tu, mteja anapelekwa kwa daktari wa kampuni, na daktari wa kampuni alikuwa na foleni ya wiki tano. Kocha hakutuambia hata mara moja tudanganye. Alituambia tuulize kwa upole, tusimtishe mteja. Lakini tulitembea na mawakala wa zamani tukaona upole wao. Hawaulizi. Husema, "Huna tatizo lolote kubwa la afya, sivyo?" na kalamu tayari imetua kwenye Hapana.

Mimi niliuliza. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, kwamba niliuliza. Niliposoma swali la saba, kama amewahi kutibiwa shinikizo la damu, wifi alijibu huku akivuta uzi.

"Ndiyo. Si wewe ndiye uliyenipeleka? Mwaka wa nne huu nameza."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Na ukimeza inatulia?"

"Nikimeza."

"Basi huo si ugonjwa," nikasema. "Ni kama mtu mwenye miwani."

Nikaweka alama kwenye Hapana. Akauliza nimeandika nini, nikamwambia nimeandika yuko sawa. Nilipompa kalamu, nilimwambia asome kwanza, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusema. Akafuta mkono kwenye gauni, akatia sahihi.

"Nisome nini, na wewe ni wifi yangu?"

Nilifika ofisini saa kumi na dakika arobaini. Kocha alibandika nyota yangu ya tisa kwenye ubao na wote wakapiga makofi.

Miezi kumi na moja baadaye wifi alianguka kwenye meza ya kukatia, saa nne asubuhi, mkasi ukiwa bado mkononi. Mteja aliyekuwa akijipima gauni ndiye aliyetuita. Kiharusi. Hakufika hata hospitali.

Binti yake alihamia kwetu na cherehani kimoja. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na tangu utotoni alikuwa amesema atasomea uuguzi. Mama yake alikuwa amemshonea hata koti jeupe la kuchezea. Mimi kwake ni mkaza mjomba, ila tangu alipojua kusema aliniita shangazi, na hakuna aliyemsahihisha. Mama mkwe naye alikuja kukaa nasi, akipanga kurudi kwake baada ya siku chache, na siku hazikwisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyejaza madai ya bima, nikaambatanisha cheti cha kifo, nikayapeleka. Niliwaambia ada ya chuo isiwaumize kichwa, mama yake ameshailipa. Nilijiamini. Nilikuwa nimeshajisahaulisha.

Kumbe kifo kikitokea kabla bima haijatimiza miaka miwili, kampuni huchunguza. Walikwenda zahanati, wakaomba kadi. Barua ilikuja wiki ya saba, na mume wangu aliisoma mezani kwa sauti, kwa kuwa mama yake hasomi. Marehemu alificha taarifa muhimu kuhusu afya yake. Madai yamekataliwa.

Mume wangu alisema kampuni zote za bima ni wezi, halafu akakumbuka mke wake anafanya kazi wapi, akanyamaza. Jirani yetu, mama wa duka la vocha, alikuwa amekaa pale na sisi. Ni mtu ambaye hawezi kukuta ukimya akauacha ulivyo.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Mficha maradhi kilio humfichua."

Mama mkwe alinyoosha mkono. Aliichukua ile barua asiyoweza kuisoma, akaikunja mara nne.

"Mwanangu alikuwa na mdomo, lakini hakuwa mwongo," alisema. Kisha akanigeukia. "Hao watu unawajua wewe, mwanangu. Kawaambie."

Nikasema nitafuatilia. Siku nne nilifuatilia kwa kufua mapazia, kupanga kabati na kutomtazama mtoto wa wifi usoni. Siku ya tano nilimkuta kwenye cherehani, akiipunguza sketi ya mama yake. Bila kusimamisha gurudumu aliniuliza kama mama yake aliogopa kwamba wakijua anaumwa watamnyima bima, ndiyo maana akaficha. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akimtafutia mama yake sababu nzuri ya kusema uongo. Nikamwambia nina haraka, nikatoka.

Nilikwenda kwa Suti. Yeye aliacha mwezi wetu wa tano kazini, na sasa alikuwa akiuza vitasa na bawaba kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bila suti. Alinikalisha kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nilimweleza yote, na alisikiliza huku akihesabia mteja misumari.

Alisema wengi wanadhani viatu ndivyo vilivyomshinda. Alikuwa amemuuzia bima mjomba wake aliyewahi kuugua mapafu, na pale pa mapafu akaweka Hapana. Tangu siku ile akawa hawezi kumsikia mjomba akikohoa bila kusimama. Mwisho akamrudia, wakajaza upya, kampuni ikakataa, mjomba akamfukuza, naye akaacha kazi Ijumaa hiyo.

"Nilikuwa na bahati, wangu alikuwa hai," alisema. "Wewe umesoma nyuma ya mkataba wako? Anachojua wakala, kampuni inahesabiwa kuwa inakijua. Ukiandika kwamba alikwambia, watalazimika kufungua faili."

"Na mimi?"

"Wewe umekwisha." Alifunga misumari kwenye gazeti. "Dada, ukisema hukujua, wifi yako ni mwongo. Ukisema ulijua, mwongo ni wewe. Mmoja wenu lazima awe, na yeye hayupo kujitetea."

Kesho yake nilimwona Kocha kwanza, maana nilikuwa bado natafuta mlango wa tatu. Ubao ulikuwa nyuma yake, na jina langu lilikuwa na nyota ishirini na tatu. Alinisikiliza na mlango umefungwa. Sitamsema vibaya, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubandika majina na kuyabandua. Alinishauri niandike rufaa ya kawaida, niiombe kampuni huruma, nisitie mkono wangu mwenyewe kwenye moto. Alisema kampuni ikianza kufukua fomu, haitaishia kwangu, na katika kundi langu tumebaki wawili tu.

"Mama, aliyekufa haumizwi na barua," alisema.

"Mama yake yuko hai," nikasema. "Na mwanawe."

Nikapanda ghorofa ya tatu, kitengo cha madai. Afisa wa pale alikuwa mwanamke wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilipomtajia namba ya bima alitoa faili, akafungua ukurasa wa maswali ya afya, akaugeuza nione. Alama zangu kumi na mbili zilikuwa zimeshuka moja chini ya nyingine, zimenyooka kama mshono wa wifi.

"Kila wiki nazipata hizi," alisema. "Mtu ana miaka arobaini na sita, hajawahi kuumwa hata mgongo. Mstari mmoja toka juu hadi chini. Nikiwaita mawakala, wote wanasema mteja hakuwaambia. Unataka kusema nini wewe?"

"Aliniambia."

Alivaa miwani. Akanipa karatasi, akanieleza bila kupamba: leseni yangu itafutwa, sitauza bima popote tena, na malipo niliyopata kwa bima ile nitayarudisha. Kuhusu familia hakuahidi kitu. Faili litafunguliwa upya, basi. Niliandika kwamba nilimuuliza mteja swali la saba, kwamba alijibu ndiyo, kwamba tangu kabla nilijua anatibiwa kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka, na kwamba niliweka Hapana kwa mkono wangu ili fomu ipite siku ile. Mistari sita. Nilitaka kuongeza kuhusu watoto wangu na msimu wa majokofu. Nikaona hayo hayajibu swali.

Nilipotaka kutia sahihi, afisa aliweka kidole juu ya karatasi.

"Isome kwanza. Watu hawasomi."

Niliisoma mara mbili, ndipo nikatia sahihi.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Mama mkwe alikuwa akikunja nguo kitandani kwake, na mtoto alikuwa sakafuni na madaftari. Mume wangu alikuwa mlangoni na boksi la vifaa, akitaka kutoka. Nikamwambia asubiri. Nilisimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka.

"Wifi hakuficha kitu," nilisema. "Nilimuuliza, akasema ndiyo. Aliyeandika hapana ni mimi. Nilikuwa nakimbiza muda. Leo nimekwenda kuwaandikia hivyo, na kazi imekwisha."

Mume wangu aliweka boksi chini, akaliinua tena, akatoka. Alirudi jioni akala, na kwa wiki nyingi aliniambia mambo ya gesi, maji na watoto tu. Mtoto alikusanya madaftari yake moja moja, akayapanga kwa ukubwa. Hakulia mbele yangu.

Mama mkwe alikuwa bado ameshika shati, mikono miwili hewani.

"Alisema ndiyo?"

"Alisema ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Alikuwa na pini mdomoni, lakini alisema."

Alimaliza kukunja lile shati. Alilipiga pasi kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine. "Nilijua," alisema, na hakuwa akisema na mimi.

Jina langu lilibanduliwa ubaoni wiki ile. Baadaye mwenzangu wa mwisho wa kundi alinipigia kunipa pole, akaniambia kwenye daftari la Kocha la walioacha, mbele ya jina langu kumeandikwa: hakufikia malengo. Ndivyo ilivyoandikwa mbele ya majina yote. Suti pia. Binti aliyekimbiwa na shangazi zake pia. Ukilisoma daftari lile utadhani sote tulishindwa na viatu.

Nilipata kazi ya kupokea wateja kwenye kiwanda cha uchapishaji, mshahara mdogo, unakuja mwisho wa mwezi bila nyota.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa nne tangu nilipoandika maelezo yangu. Mama mkwe hakukubali isomwe hadi jirani wa vocha aitwe. Jirani akaja, akapewa kiti kizuri na chai, akafurahi akidhani kuna habari ya harusi. Mume wangu akasoma. Imethibitika kwamba marehemu alitoa taarifa sahihi kwa wakala wa kampuni. Mama mkwe akamwambia arudie mstari huo. Akaurudia. Akamwambia tena, polepole, jirani ana sikio zito. Jirani hana sikio zito. Alikunywa chai yake yote akaaga bila methali, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Pamoja na barua ilikuja fomu ya malipo, ya kujazwa na mrithi. Mtoto alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliotangulia. Tangu mchana ule alikuwa hajaniita kwa jina lolote. Akitaka chumvi alisema chumvi. Aliiweka fomu mezani, akaiegemea, akaanza kusoma toka mstari wa juu kabisa, ule wa anuani ya kampuni ambao hakuna binadamu anayeusoma. Alisoma kwa kidole. Kurasa tatu. Nilitaka kumwonyesha panapotakiwa sahihi, mkono ukainuka wenyewe, nikaurudisha kwenye paja.

Ukurasa wa pili kidole kilisimama.

"Mkaza mjomba," alisema. Ndivyo nilivyo kwake, wala hajakosea. "Hapa wanaposema 'msimamizi', maana yake nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akanitazama kidogo kupima kama nimemaliza yote, kisha akachukua kalamu yake mwenyewe kutoka kwenye begi la shule na kurudi mwanzo wa ukurasa, kuhakikisha.